Siri Aliyozikwa Nayo Mama

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alipenda kubishana mtandaoni na mtu asiyemjua, ajiitaye Mjuzi, iwapo binadamu anaweza kweli kutunza siri.

"Hawezi," Mjuzi aliandika juzi. "Siku ya harusi yako ulimlilia mwanamume mwingine."

Siri hiyo aliijua marehemu mama yake tu, aliyemwapia: "Nitazikwa nayo, mwanangu."

"Kumbe mama alinisaliti," fundi aliwaza, akiingia kwa dada yake kuazima mkasi. Umeme ulikuwa umekatika, chumba kiza totoro. Akamwandikia Mjuzi: "Nani kakwambia?"

Mlio wa ujumbe ukasikika kabatini.

"Mle mna nguo za mama tu, mdogo wangu," dada alinong'ona.

Simu ya fundi ikawaka mkononi: "Nimechoka kulala nayo, mwanangu."