Fundi Violeth na Gari la Daktari Jilala

Saa mbili na nusu asubuhi barabara ya Nyihogo, mjini Kahama, ilikuwa imejaa bajaji, pikipiki na maguta yaliyobeba magunia ya mpunga. Daktari wa mifugo Jilala Mayala alitoka kwenye duka la dawa za wanyama na sanduku la barafu lenye chanjo, akaliweka nyuma ya RAV4 yake ya kijani, akaingia na kuwasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mwembamba, shati lake la kaki limepigwa pasi na buti zake za mpira zimekaa kwenye kiti cha abiria. Kijiji kimoja cha Ushetu kilikuwa kinamngoja. Ng'ombe tisa walikuwa wamekufa wiki hiyo kwa chambavu, ugonjwa unaovimbisha misuli, na wafugaji walikuwa wamekusanya mifugo yao kwenye josho tangu alfajiri. Barafu ile ingevumilia mpaka saa nane mchana, si zaidi.

Watu walisogea, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja alisema ni betri, mwingine akasema mafuta machafu, wa tatu alitaka gari lisukumwe. Jilala aliendelea kupiga stata.

"Kaka, acha kwanza. Utaimaliza betri bure, na betri haina kosa."

Aliyesema hivyo alikuwa dada aliyevaa ovaroli ya bluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni juu ya fulana nyeupe. Kichwani alikuwa na kitambaa cha zambarau, masikioni hereni ndogo za dhahabu, mkononi pakiti ya fyuzi alizotoka kununua duka la jirani. Aliitwa Violeth, fundi umeme wa magari. Jilala alimtazama, akawatazama wale washauri watatu, akaondoa mkono kwenye ufunguo.

Violeth hakuharakisha. Alimwambia afungue swichi bila kupiga stata, akainama upande wa tangi na kusikiliza. Pampu ilikuwa inanguruma. Akachomoa waya mmoja wa plagi, akaweka plagi juu ya chuma cha injini, akamwambia sasa apige. Hapakuwa na cheche hata moja.

"Mafuta yanafika," alisema. "Moto ndio haufiki."

Alitoa mfukoni testa yake, kalamu ya chuma yenye kitaa kidogo ndani, akagusisha ncha yake kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili, kifaa kinachozalisha cheche. Kitaa kikawaka. Umeme ulikuwa unaingia kwenye koili lakini koili haikutoa moto, kwa hiyo Violeth alishuku ignita, kile kiboksi kinachoiamuru koili ifanye kazi yake. Alichomoa soketi zote za hapo, akazisafisha kwa mswaki mkavu, akazirudisha na kuzishindilia. Safari hii gari liliwaka kwa mpigo wa kwanza.

Wale washauri walipiga makofi. Violeth alimwambia Jilala asifurahi mno. Gari halijapona, ignita imechoka, na likipata joto linaweza kuzima. Likizima aliache nusu saa lipoe. Jilala aliomba namba ya simu, akaondoka. Ilipofika saa nane mchana ng'ombe mia tano na arobaini walikuwa wamechanjwa.

Saa kumi na moja simu ya Violeth ililia.

"Fundi, limezima mara moja njiani. Nikakaa nusu saa, likawaka."

"Na hiyo nusu saa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kukupigia. Sasa ninayo."

"Sababu yako ina magurudumu manne, daktari. Ilete Jumatano."

Aliileta Jumatano. Violeth alifanyia kazi kwenye uwanja wa Edson, mekanika wa injini aliyempa kona moja na meza. Alimwambia Jilala waziwazi kwamba ignita aliyompatia ni ya mtumba kutoka Mwanza, akaifunga, ile ya zamani akaiweka kwenye rafu yake. Jilala alikaa kwenye tairi kuukuu akimtazama, na kazi ya saa moja ikachukua mchana mzima kwa sababu ya mazungumzo. Violeth alimsimulia alivyosomea ufundi Shinyanga, wasichana wakiwa wawili tu darasani, na jinsi mama yake, anayeuza vitenge sokoni Segese, alivyomkatalia mwaka mzima kabla ya kukubali. Jilala naye alimwambia kuhusu utoto wa kuchunga, na kwamba ng'ombe wa kwanza alimzalisha akiwa na miaka kumi na miwili, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine.

Baada ya hapo walizoea kukutana kila Jumapili. Violeth alikuja na gauni la njano na viatu vya kisigino, na wanaume waliozoea kumwona na ovaroli walishindwa kumtambua. Walikula samaki wa Geita kwenye hoteli ya karibu na stendi, wakatembea, wakapigiana simu asubuhi na jioni. Jilala alimwita Vio. Yeye aliendelea kumwita daktari, ila kwa sauti nyingine. Gari nalo lilitulia karibu mwezi mzima, na Jilala akaanza kusema kwamba angependa mama yake amwone.

Kisha gari likazima tena, siku mbaya.

Mama Juliana, mjane wa kijiji kimoja cha jirani na Segese, alimpigia Jilala asubuhi. Ng'ombe wake, yule wa pekee aliyekuwa akimpa maziwa, alikuwa anashindwa kuzaa tangu usiku. Jilala alitoka mbio, na zikiwa zimebaki kilomita kumi na mbili RAV4 ikanyamaza. Alingoja ipoe, ikagoma. Alipofika kwa pikipiki ya kukodi, ng'ombe alikuwa amelala ubavu na ndama amekufia tumboni. Saa moja baadaye ng'ombe naye akafa. Mama Juliana hakulalamika. Alimwambia wabeja, asante kwa kuja, akampa maji ya kunawa mikono. Hilo ndilo lililomuumiza Jilala zaidi.

Gari lilivutwa mpaka gereji ya fundi Bartholomeo, Segese. Bartholomeo alifunua boneti, akaitazama ignita, akauliza nani aliyeifunga. Aliposikia ni mwanamke wa Kahama alicheka kidogo. Alisema hicho ni kifaa cha kutupa, na kwamba mchezo huo anaujua: mteja asiyejua gari anaambiwa kifaa chake kimekufa, anafungiwa kibovu, kizima kinauzwa.

Kama ng'ombe angekuwa hai, huenda Jilala angepuuza. Lakini alikuwa na damu kwenye viatu na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Gari lilipokubali kuwaka aliliendesha moja kwa moja mpaka uwanja wa Edson. Ilikuwa Jumamosi, siku ya wateja wengi, na Violeth alikuwa amelala chini ya dashibodi ya lori, miguu inaonekana.

"Violeth, ignita yangu ya zamani iko wapi?"

Alitoka taratibu. Aliuona uso wake, akaona na watu walivyogeuka kusikiliza.

"Umekuja kuuliza, au umekuja kunishitaki?"

"Naomba kifaa changu."

Alikwenda kwenye rafu, akakishusha kilivyokuwa, akamwekea mkononi. Jilala aliondoka, na Bartholomeo akairudisha ile ignita mahali pake. Gari likaenda wiki mbili bila kuzima hata mara moja. Hapo Jilala aliamini kabisa kwamba alichezewa, na kila alipotaka kupiga simu alikumbuka hivyo na kuweka simu chini.

Kwa Violeth wiki mbili hizo zilikuwa nzito. Edson, bila ubaya, alimwambia kwamba wateja wawili wameomba fundi umeme mwingine. Mama yake alipiga simu kutoka Segese kumuuliza kama ni kweli anayosikia sokoni kutoka kwa fundi Bartholomeo, kwamba binti yake anawabadilishia watu vifaa, na kwamba gari la daktari lilizima njiani ng'ombe wa Mama Juliana akafa. Violeth alimjibu si kweli, akaendelea na kazi, na jioni akifika chumbani alilia kwanza kabla ya kupika.

Wiki ya tatu ililetwa teksi yenye ugonjwa uleule: inazunguka, haishiki, ikipoa inawaka. Violeth aliweka testa, kitaa kikawaka. Alikuwa karibu kuilaumu ignita, akasita. Ile ya Jilala alikwisha kuibadilisha na gari likazima hata hivyo. Akachukua globu ya taa kubwa ya mbele, inayokula umeme mwingi, akaiunga kwenye waya uleule. Globu haikuwaka. Akaupasua waya ule kwa kisu, akakuta shaba imekatika ndani ya ganda lake, umebaki unyuzi mmoja mwembamba kama unywele. Unyuzi huo uliweza kuwasha kitaa cha testa. Lakini ulishindwa kuilisha koili.

Alikaa chini kwenye boksi. Sasa aliona kila kitu. Ignita ya Jilala haikuwa na tatizo tangu siku ya kwanza. Kila aliyegusa soketi zile aliutikisa waya, ncha zikagusana, gari likawaka, na fundi akajisifu. Yeye mwenyewe alikosea, na mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa yeye. Angeweza kunyamaza. Alimaliza teksi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akampigia Jilala simu.

"Gari linawaka?"

"Limekufa tangu jana. Niko josho la Nyamilangano."

"Bartholomeo umemwita?"

"Amekuja, ameondoka. Anasema sasa ni koili."

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia niseme nini, Vio?"

"Usiguse waya wowote. Nakuja."

Alipanda basi, kisha pikipiki. Alifika saa nane mchana, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, begi la vifaa begani. RAV4 ilikuwa kando ya josho, ng'ombe wanapita pande zote. Jilala alimsalimu, Violeth akaitikia kwa kichwa. Alifunua boneti, akaunga globu kubwa kama alivyofanya kwenye teksi. Haikuwaka. Akaufuata ule waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka nyuma ya koili ulipopinda kuingia ndani, akahisi mahali palipolegea. Akaukata hapo na kumwonyesha: shaba imegeuka kijani, unyuzi mmoja umebaki. Aliunga kipande kipya, akakizungushia tepu, akamwambia awashe. Gari liliwaka. Liliachwa lingurume saa nzima juani, Violeth akizitikisa nyaya zote kwa makusudi, na halikuzima.

Ndipo akasema alichokuja kusema.

"Ignita yako ilikuwa nzima. Niliamini kitaa kidogo, nikakosea, na ningepima vizuri yule ng'ombe labda angepona. Hilo ni langu na nitakwenda mwenyewe kwa Mama Juliana kumwambia. Lakini kukosea si kuiba, Jilala, na wewe uliniita mwizi."

"Sikulitamka hilo neno."

"Uliniuliza kifaa chako kiko wapi mbele ya wateja wangu. Walielewa wote. Mpaka mama yangu Segese alielewa."

Jilala aliinamisha kichwa. Alisema alikuwa na uchungu akautupia mtu wa karibu, kwamba alitakiwa kumuuliza faraghani, na kwamba gari lilipokwenda wiki mbili alijiona ana haki, kumbe hakuwa nayo. Akamwomba msamaha.

"Nimekusikia," Violeth alisema, akifunga begi. "Ila hapa tuko na ng'ombe tu, na hawakuwepo siku ile."

Alikataa kupelekwa mjini. Alirudi kama alivyokuja.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Jilala aliingia uwanja wa Edson. Kulikuwa na malori mawili, bajaji tano, na watu wakinywa chai kwenye benchi. Alikuwa amevaa lile shati la kaki. Aliwaamkia wakubwa shikamoo, akajitambulisha, akasema wiki tatu zilizopita alisimama hapo na kumfanya fundi Violeth aonekane mwizi. Akasema ule ulikuwa uongo. Kifaa chake kilitunzwa kwenye rafu na alipewa alipokitaka. Gari lilikuwa na waya uliokatika ndani, mafundi wawili hawakuuona, na aliyeuona mwisho ni Violeth, akasafiri mpaka Nyamilangano kukiri kosa lake bila kuulizwa na mtu. Akaongeza kwamba kabla ya kuja hapo alipitia gereji ya Segese na sokoni pia, akayasema hayohayo.

Mzee mmoja dereva wa lori aliweka kikombe chini, akamwambia Edson basi huyo dada alitazame na lori lake. Violeth alikuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi. Hakutabasamu, lakini alipomaliza na wateja, saa saba, alimvutia Jilala kiti.

"Mama Juliana amenipa maziwa ya jirani yake," alisema. "Nilikwenda Alhamisi. Nilidhani atanifukuza."

"Nimempelekea mtamba kutoka zizi la baba. Atazaa mwakani."

Walikula wali na maharage kutoka sahani moja. Kisha Jilala akasema kwamba hataki tena kuishi siku ambazo hamsikii. Alitaka kumuoa, kama bado anaweza kumtazama.

Violeth alimtazama. "Na siku nyingine mtu akikuletea maneno juu yangu?"

"Nitakuuliza wewe, tukiwa wawili, nyumbani kwetu."

"Hatuna nyumba."

"Ndiyo hiyo naiomba."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, akajifuta mikono kwenye ovaroli na kumshika vidole vyake. "Waambie wazee wako waende kwa mama Jumapili, baada ya ibada. Na wajue mapema kwamba hata nikiolewa, kila Jumatatu mimi nipo kazini."

Walikwenda wazee watatu. Mama yake Violeth aliwakaribisha sebuleni, akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza kama kijana wao ndiye yule aliyesimama sokoni Segese, mchana kweupe, akajisema mwenyewe. Walipojibu ndiye, aliinuka akaenda kuchinja kuku.