Sekunde Kumi na Moja

Mikono sita ya Kipasuzi, mtambo wa upasuaji, ilikata tumbo la mgonjwa, ikafunga mishipa, ikatoa uvimbe mkubwa kama embe. Hakuna jasho, hakuna anayefokea mtu. Kabla ya kushona, mikono yote ikaganda hewani kwa sekunde kumi na moja, halafu sindano ikaanza kazi.

Nyuma ya kioo, Dk. Nyamizi Kasubi alichemka kwa hasira. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza wa upasuaji hapa Tabora, na mtambo huu ulijifunza kwa kutazama picha za video za mikono yake za miaka ishirini. Leo wamemwalika aje apigiwe makofi!

"Mbona kilisimama?"

"Hatujui, mama," alijibu mhandisi Lugano kwa fahari. "Ulikuwa unasimama kila mara, tukaona tusikiguse. Ni kipaji chako."

"Kipaji gani? Nilikuwa nasubiri hesabu! Sista Mkunde, muuguzi wangu, alikuwa anahesabu kwa sauti vitambaa vya kufyonzea damu. Vikitimia, ndipo nashona. Hamkumsikia?"

"Picha hazina sauti. Na kamera ilitazama mikono yako tu."

"Sasa nani anahesabu?"

"Kipasuzi hakikosei, mama."

"Kisimamishe."

"Lazima kibali cha bodi. Samahani, lakini humu wewe ni mgeni."

Mgeni! Katika chumba alichokianzisha kwa meza moja na taa ya kuazima! Alisukuma mlango, akavaa glovu na kuvuta beseni la vitambaa vilivyotumika. Alihesabu kimoja kimoja, akarudia. Pakiti ilikuwa na ishirini. Kwenye beseni vilikuwamo kumi na tisa, na kwenye meza hapakuwa na kitu.

Lugano alihesabu naye mara ya tatu, kisha akabonyeza kitufe chekundu bila kuuliza bodi. Nyuzi zikafunguliwa. Kitambaa kilikuwa nyuma ya utumbo, kimelowa damu.

"Mwite Sista Mkunde," Nyamizi alisema.

"Tulimwachisha kazi miaka mitatu iliyopita, siku mtambo ulipoanza. Tuliona alikuwa anasimama tu."

"Na tangu siku hiyo mmepasua wangapi?"

"Elfu nne, mama." Lugano aliketi sakafuni. "Waliorudi wakilia na tumbo tuliwaambia ni vidonda vya tumbo. Tukawapa vidonge, tukawarudisha nyumbani."