Ramani ya Bibi Brigid

Rafiki yangu Angeline anafanya kazi ya kutunza wazee, na si mtu wa kuzua mambo. Asubuhi hiyo alimwacha mumewe kwao mtaa wa Hodge Hill amelala, ametoka shifti ya usiku, akaenda mtaa wa Sparkhill, upande mwingine wa jiji, kumwosha Bibi Brigid.

Ukutani kwa bibi kulikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe ya kijiji chao huko Ayalandi: kijito, kisima, nyumba saba, na mti mmoja wa miiba ndani ya boma la kale la udongo.

Angeline alikuwa amekata maua meupe ya mti kama huo uani, akayaweka ndani ya glasi kando ya kitanda.

"Umeyaingiza ndani?" Bibi akajivuta hadi ukingo wa pili wa kitanda. "Mti huo ni wa wale wanaoishi chini ya ardhi. Kwetu hata tawi likianguka hatuliokoti, wasije wakatufuata nyumbani!"

"Pole shosho, nayatoa."

Alipoinua glasi, akasikia chini ya sakafu miguu ikijivuta kwenye matope, polepole, ikielekea barabarani. Kisha kimya.

Akatazama ramani. Nyumba zilikuwa nane. Ya nane, wino ungali mbichi, ilikuwa na namba kumi na nne na mlango wa buluu, kama nyumba ya Angeline mwenyewe, alikomwacha mumewe amelala. Mlango ulikuwa umechorwa ukiwa wazi.