Jua la Uani

Mama Pindo alishonea uani kwake. Kila asubuhi alitoa cherehani, kiti, mkasi na kikopo cha sindano, akakaa mahali jua lilipofika mapema. Alishona sare za shule, suruali, na hasa makoti meusi. Jina hilo alipewa na mtaa, maana hakuweza kumwona mtu akipita na pindo lililofumuka akamwacha aende zake. Angemwita, amwinamie, na kulishona pale pale mtu akiwa amesimama. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, naye wakamwita Baba Pindo. Mzee wa watu hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano maishani mwake.

Nyumba za mtaa ule zilikuwa za zamani. Zilikuwa na kuta nene, milango mirefu ya mbao, na baraza mbele ambapo mpita njia alikaa mpaka mvua ipite. Hakuna paa lililozidi la jirani, kwa hiyo kila ua ulipata jua lake. Watu walilizoea kama mtu anavyoizoea afya yake. Hakuna aliyelifikiria.

Nyumba ya pili kutoka kwao ilikuwa ya Mwoka Mikate. Nyumba ya karibu kabisa, waliyopakana nayo ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya Kinyozi. Alikuwa amewanyoa watoto wa mtaa mzima, na mtoto aliyelia alipewa kioo ashike yeye mwenyewe, ajione bado yuko salama. Miguu yake ilipochoka, ikasemekana anataka kuhamia kwa binti yake na nyumba amepata wa kuinunua.

Siku moja vijana wa ofisi ya mji walisimika bango mbele ya baraza ya Kinyozi. Mama Pindo alisoma mstari wa juu tu: Kusudio la Kubadili Matumizi ya Ardhi. Chini yake kulikuwa na maandishi mengi madogo, na hakuyasoma. Alichokiona ni mlango wa Kinyozi, ambao haukuwahi kufungwa mchana, sasa umerudishwa nusu.

Mtaani kwao bango mlangoni lilikuwa na maana moja: mnada. Watu walipita wakinong'ona kwamba Kinyozi lazima ameelemewa na madeni. Mama Pindo aliona uchungu. Alichukua kipande cha pazia, akakikunja kingo vizuri, akakitilia kamba, akaenda kulifunika bango lile ili jirani yake asiaibike. Majirani walimsifu. Walisema hivyo ndivyo mtu anavyomsitiri mwenzake. Wengine hawakuwa wamelisoma bado, na kwa heshima hakuna aliyekifunua kile kitambaa.

Kinyozi alihama. Mashine ikaja, na nyumba iliyosimama tangu enzi za babu zao ikawa kifusi kabla ya chakula cha mchana. Kisha ghorofa ikaanza kupanda. Ilipofika ya tatu, jua lilichelewa uani kwa Mama Pindo. Ilipofika ya sita, halikuja tena.

Akaanza kushona ndani, taa ikiwaka mchana kweupe. Siku moja mteja alirudisha koti jeusi.

"Mama, mkono huu umeushona kwa uzi wa bluu."

Mama Pindo aliutazama chini ya taa. Aliona weusi mtupu. Akatoka nao hadi barabarani, kwenye mwanga wa jua. Uzi ulikuwa wa bluu, tena wote. Alimwomba radhi, akaufumua na kuushona upya. Lakini habari za makosa zina miguu. Wenye makoti meusi wakaanza kupungua.

Wakati huo chumba chao cha mbele kilikuwa na mpangaji mpya, dada mmoja aliyehamishiwa ofisi ya mipango ya mji. Alichora ramani, basi mtaa ukamwita Bi Ramani. Jioni moja Mama Pindo alimsimulia habari za ghorofa. Alimwuliza kama inawezekana kuwashtaki waliomnyang'anya jua.

"Hapakuwa na bango, mama?" Bi Ramani aliuliza.

"Lilikuwepo. Nililifunika mimi."

Akamweleza jinsi ilivyokuwa. Bi Ramani akatafuta namna ya kulisema bila kumuumiza.

"Lile bango halikuwa la aibu, mama yangu. Lilikuwa linawauliza nyinyi."

Alimfafanulia polepole. Kila mtaa umepangiwa matumizi yake: makazi, biashara, viwanda. Umepangiwa pia urefu wa majengo. Mwenye kutaka kubadilisha mpango huo lazima aombe. Kabla ya kumjibu, ofisi huwauliza majirani kwa bango, nalo hueleza nini kinatakiwa kujengwa, na mwisho wa kupeleka maoni ni lini. Mwenye wasiwasi huandika pingamizi, au huenda kusema kikaoni. Taratibu za mji na mji hutofautiana kidogo, kwa hiyo ni vizuri kwenda kuuliza.

"Na tusiposema?"

"Ofisi inaandika kwamba hakuna aliyepinga."

"Sasa tufanyeje?"

"Kibali kilishatoka, na jengo ndilo hilo. Sitakudanganya, mama. Jua hilo halirudi."

Mama Pindo hakulala vizuri siku zilizofuata. Mwishowe alikwenda kumwona Kinyozi kwa binti yake. Alimkuta amekaa dirishani, amenyoa ndevu vizuri kama zamani. Walisalimiana, wakaulizana hali za wajukuu, kisha Mama Pindo akamwomba msamaha kwa kulifunika lile bango.

Kinyozi alimweleza jambo ambalo hakulitarajia. Mnunuzi alikuwa amemwahidi kuikarabati nyumba tu. Bango lilipokuja ndipo alipojua ni ghorofa sita. Mauziano yalitegemea kibali. Kingekataliwa, angebaki na nyumba yake. Yeye mwenyewe aliona haya kurudi nyuma, maana alikuwa ametoa neno lake.

"Nikasema mtaa utanisaidia kukataa," alisema. "Nikangoja. Halafu nikaona mmelifunika lile bango, nikajua mmekubali niondoke."

"Tulikuwa tunakusitiri, kaka."

"Naelewa sasa." Akamshika mkono. "Ungebisha hodi tu, shemeji. Ungeniuliza."

Njia nzima ya kurudi Mama Pindo alikuwa akilisikia neno hilo.

Haukupita muda mrefu, bango jingine likasimama, mara hii kwa Mwoka Mikate. Mama Pindo alilisoma kuanzia juu hadi chini, herufi ndogo pia. Ghorofa tano, maduka chini. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na ua wa Muuguzi, aliyeanika humo nguo za familia na kukausha dawa za magoti ya mama yake. Mama Pindo aliwaita majirani, akawasomea kwa sauti. Na kabla ya kuandika lolote, alibisha hodi kwa Mwoka Mikate.

Jamaa alikuwa amejaa unga hadi kwenye nyusi, na hakufurahi. Alisema jua halilipi kodi ya majengo. Alisema mwanawe ameoa, na bwana harusi na bibi harusi wanalala stoo pamoja na magunia.

"Jua lako limekwenda, Mama Pindo, sasa unataka na mimi nikose changu?"

"Sikukatazi kujenga, jirani. Nimekuja kukuuliza unafika wapi juu. Na kukwambia kwamba nitasema kikaoni, usije ukasikia kwa watu."

Mwoka Mikate alipangusa mikono kwa muda mrefu. Kisha akamvutia kiti.

Bi Ramani aliwaambia kwamba yeye ni mtu wa ofisi, hawezi kuwasemea. Lakini kueleza utaratibu ni kazi yake. Akawafundisha kwamba pingamizi si ugomvi. Mtu anaweza kukubali jengo na kuomba masharti: lisizidi urefu fulani, ghorofa za juu zirudishwe nyuma zisifunike ua wa mtu, ukuta wa mbele na mlango wa zamani vibaki. Wanaweza pia kuomba nyumba za kale za mtaa ziandikishwe kuwa za kuhifadhiwa. Kila mmoja aseme anachopoteza, kwa maneno yake, kabla ya siku ya mwisho.

Kikaoni kulikuwa na mabishano. Kijana mmoja mpangaji alisimama akasema vyumba ni haba na kodi inapanda. Aliuliza kama mtaa unapenda kuta kuliko watu. Wengine walimzomea. Mama Pindo akawaomba wamwache, kwa kuwa alichosema ni kweli, na yeye asingependa kijana alale njiani ili baraza zibaki. Kisha akasema lake. Hakulipamba. Aliwaambia maofisa kwamba nyumba ya jirani yake ilibomolewa kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na adabu mno hata ukashindwa kumwuliza, na kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Ofisi iliamua Mwoka Mikate ajenge ghorofa tatu. Ukuta wa mbele na mlango vibaki, na ghorofa ya juu isogezwe mbali na ua wa Muuguzi. Nyumba nyingine za kale ziliandikishwa. Sasa haziwezi kubomolewa bila mtaa kuulizwa. Mwoka Mikate alinung'unika kwa ghorofa mbili alizopunguziwa, lakini mwanawe alitoka stoo, na yule kijana mpangaji akapata chumba cha juu. Mabango ya mtaa huo siku hizi husomwa na watu wengi, wengine kwa miwani ya kuazima.

Muuguzi alimfuata Mama Pindo nyumbani. Alimwambia makoti meusi ayapeleke kwake, kwani asubuhi ua wake una jua na yeye huwa kazini. Mama Pindo alikataa kwa adabu. Muuguzi akasema adabu imeshawagharimu vya kutosha. Basi akakubali.

Wateja wa makoti wamerudi. Kila asubuhi Baba Pindo hubeba cherehani, na mkewe humfuata nyuma, wakipita chini ya ghorofa sita. Mama Pindo hushona mpaka jua lihame. Hapo hukunja kazi yake, hufagia vipande vya nyuzi visibaki kwenye ua wa watu, kisha hurudi nyumbani, mchana ule ule, kuwasha taa.