Kilio Kisicho na Maiti Mtaani Kasulo

"Ni uyu! Ni uyu wa ordinatere njo alituuzisha!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mswaki mkononi, umati wa majirani ukininyooshea vidole, mimi mwenye kompyuta.

Rangi nyekundu ilikuwa bado inachuruzika ukutani. Msalaba mkubwa kuliko mlango!

Mtaa wetu wote, hapa Kolwezi, ulikuwa unahamishwa, na kila mtu wa Kasulo alijua maana ya msalaba ule. Nyumba hii ina shimo la kobalti chini yake. Wenyewe watatolewa bila fidia, bila kiwanja, bila hata gari la kubebea vitu.

Nyumba ilikuwa ya Mama Ngalula, mjane aliyenipangisha chumba cha nyuma.

Na shimo halikuwamo!

"Ingieni!" alilia mama wa watu. "Ingieni, mupindue vitanda, mutazame!"

"Bote banasema vile, mama," alijibu mkuu wa tume ya uhamisho. "Tangu tulitangaza, kila mutu alifukia shimo yake. Siye tunafwata ramani."

Akaikunjua mbele ya uso wangu. Ilikuwa picha ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka angani. Juu ya kiwanja cha Mama Ngalula palikuwa na nukta nyekundu, na pembeni jina la aliyeiweka.

Kalumba.

Jina langu...

Msomaji wangu, kabla hujanihukumu, sikiliza kazi yangu ilivyokuwa.

Nilikuwa mwanagenzi wa utafiti katika taasisi moja ya ng'ambo. Ofisi yao sikuwahi kuiona. Msimamizi wangu, Odile, nilimjua kwa sauti na kwa uso wa kwenye kioo tu.

Kila asubuhi nilichota maji, nikapiga shati pasi, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni, kisha nikaketi mbele ya kompyuta ambayo kamera yake ilikuwa imezimwa. Nani angeniona? Hakuna. Lakini mimi nililelewa bwenini na mapadri. Kijana wa shule yetu hafanyi kazi ya heshima akiwa amevaa fulana.

Katika picha zile nilitafuta maturubai. Wachimbaji wa Kasulo hutandaza turubai uani ili kuficha mdomo wa shimo. Lakini turubai hilohilo ndilo tunalotandaza mtu anapofariki, wafiwa wapate kivuli. Kutoka angani huwezi kuyatofautisha! Kwa hiyo mchana nilitembea mtaani kwa miguu, nikatazama kwa macho yangu, kisha nikarudi kuweka nukta. Nyekundu kwa shimo, kijani kwa kilio.

Niliambiwa ni utafiti wa vumbi na afya ya watoto.

Kwa Mama Ngalula niliweka kijani. Nisingeweza kukosea! Turubai lile lilikuwa la kilio cha mumewe, Tata Ntambwe, na kamba zake nilizifunga mimi mwenyewe.

Ni nani basi aliyeibadilisha?

"Kalumba." Mama Ngalula aliniita bila kupaza sauti. "Mi nilikukaribisha kama mutoto wangu. Sema kweli. Njo weye?"

"Hapana, mama. Naapa kwa jina la marehemu."

"Acha kuapa. Tafuta!"

Nilimpigia Odile hapohapo, sauti ikisikika kwa wote. Tulizungumza Kifaransa.

"Nani alibadilisha nukta ya nyumba ninamoishi?"

Vidole vikagonga kibodi.

"Wewe, Kalumba. Jumapili asubuhi, kwa nywila yako."

"Jumapili asubuhi nilikuwa misani!"

"Nywila ni yako."

"Na ramani ya utafiti wa vumbi imefikaje mikononi mwa watu wa kubomoa?"

Vidole vikaacha kugonga.

"Wafadhili waliiomba," alisema. Kisha mtandao ukakatika. Au aliukata mwenyewe.

Zaidi yangu mimi, nywila ile aliijua mtu mmoja tu duniani. Stany!

Tulilala vitanda vya kupakana miaka yote ya bweni. Kwetu kulikuwa na sheria isiyoandikwa: mwanafunzi hafungi sanduku lake kwa kufuli mbele ya mwenzake. Kufuli ni tusi. Ndiyo maana Stany alipokuja kuomba kutumia mtandao kwenye kompyuta yangu, nilimpa nywila yangu, ileile ya kazini, bila kusita, nikaona fahari.

Nikaitazama ramani upya. Mtaa wa pili, kiwanja cha kona, kwa kina Stany.

Nukta ya kijani! Mimi pale niliweka nyekundu; alikuwa amebadilishana rangi na kwetu ili hesabu ya nukta ibaki ileile.

"Hapa pana nini?" nikamuuliza mkuu wa tume.

"Hauone? Nyumba ya kilio. Hao biko na baraka, watapata nyumba kule kwa kiwanja kipya."

Nilifungua kinywa kumshtaki Stany. Mama Ngalula, aliyekuwa amekiona kidole changu juu ya ramani, akanitangulia.

"Kwa Henriette, mama ya Stany, kuko kilio?" aliuliza polepole. "Na mi sijue?"

Akafunga kitenge kiunoni. Akavua viatu.

"Bamama! Kwa Henriette batu balikufa! Tutaanguka na haya. Twende tulie!"

Hadi leo sijui kama mama yule alikuwa ameelewa mchezo, au alikuwa anatimiza wajibu tu. Ninachojua ni kwamba desturi haina mjadala. Kilio cha jirani huendewa, hata kama nyumba yako mwenyewe imetiwa alama ya kubomolewa.

Wanawake walijipanga barabarani wakiomboleza, mikono kichwani. Mkuu wa tume akafuata. Angefanya nini?

Mama Henriette, mamake Stany, alikuwa anapepeta unga mlangoni. Alipouona msafara ule, ungo ulimponyoka.

"Yooo! Nani alikufa?"

"Si njo tunakuuliza weye!" alilia mama mmoja. "Ramani ya serikali inasema kuko kilio kwako!"

"Kwangu? Batu bangu bote biko wazima! Bwana yangu iko kwa soko!"

Stany alitokea nyuma ya nyumba, jasho usoni. Aliponiona, macho yake yalikimbilia chini.

Akamwinamia mamake sikioni, lakini kwa hofu aliyokuwa nayo sote tulimsikia.

"Mama... lia kidogo tu. Bakienda tutaachana na hii mambo."

"Nilie?"

"Kidogo tu, mama. Tutapewa nyumba kule."

"Nilie nani, Stany? Taja jina! Nilie tata yako? Nilie weye?"

Stany alimvuta mamake mkono.

"Unataka niite lufu, kifo, kwa mudomo yangu, ije ichukue mutu muzima, ju ya nyumba?"

"Mama, tutapoteza bitu yote..."

"Ipotee!"

Akapita katikati yetu kama moto wa nyasi, akaenda uani, akalishika turubai kwa mikono miwili na kulivuta. Nguzo zikaanguka. Turubai likamfunika Stany, aliyekuwa amemkimbilia kumzuia, hadi kichwani.

Na pale chini... shimo! Kamba, ndoo, magunia ya mawe meusi!

"Muone!" alisema mama yule akihema. "Hapa kuko shimo. Kilio hakuna. Andika vile, tata. Mutoto wangu hataliliwa na batu angali anapumua!"

Hakuna aliyezomea. Wanawake walishusha mikono kutoka vichwani, mmoja baada ya mwingine.

Nilipomweleza mkuu wa tume habari ya nywila, alibadilisha rangi za nyumba mbili. Jioni ile niliiandikia taasisi barua ya kuacha kazi, sentensi mbili tu.

Siku ya kuhama ilipofika, lori la fidia lilisimama mbele ya nyumba yetu. Ng'ambo ya barabara Mama Henriette alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Tingatinga lilikuwa limekwisha pita kwake. Stany alisimama nyuma yake, hakuthubutu kunitazama.

"Henriette!" aliita Mama Ngalula kutoka juu ya lori. "Panda!"

Nilisema wazi, kama nilivyofundishwa kusema.

"Mama, mwanawe alitaka tutupwe sisi barabarani. Haki ni haki."

Alinigeukia.

"Kalumba, mwaka wa tisini na tatu balitufukuza siye batu ya Kasai, ati si benyeji. Nililala kwa stasion ya Kolwezi na mimba, ninangoja train. Batu ya haki balipita mingi sana, na mashati ya pasi vile yako. Hata moya hakusema panda."

Nilifungua kifungo cha shingoni.

"Shuka, ubebe ile godoro."

Nilishuka. Upande mmoja wa godoro niliushika mimi. Upande wa pili ulishikwa na Stany. Mpaka leo sijamsamehe kikamilifu.

Ewe unayesoma haya, somo langu ni hili. Ukipewa kazi ya kutazama watu kutoka mbali, uliza kwanza ni nani anayetazama nyuma ya bega lako. Na ukithibitika kuwa una haki, usiisimamie juu ya lori huku mwenzio ameketi mavumbini. Shuka nayo.