Ukurasa Uliopikia Uji

"Ukurasa wa themanini na saba uko wapi?"

Salome alikuwa amesimama katikati ya sebule ya Eufrasia, pale mtaani Ngokolo, akipekua kurasa za kitabu chake. Alikuja kukichukua baada ya kuyaona mabegi mlangoni. Keshokutwa, Jumamosi, Denis angefika kutoka Ushirombo kumchukua Eufrasia, dada yake, kisha wazee wangekaa kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Ndoa ilikuwa inakwisha hivyo, bila hata sahani kuvunjika.

"Nilikipata hivyo hivyo," Eufrasia akajibu.

"Hapana, jirani. Nilimpa mumeo kitabu kizima, mkononi. Wewe ulikuwa umelala."

Eufrasia siku hizi hakushangaa, hakukasirika, hakulia. Tangu wamzike Loveness, binti yao wa miezi minne, alikuwa kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, ila ganzi yake ilikuwa ya mwili mzima. Hata majirani hawakujua wamwiteje. Mama Loveness liliwashinda kutamka, na Eufrasia walikuwa wameshalisahau.

Kitu kimoja tu kilimsumbua miezi yote saba tangu mazishi, nacho ni hicho kitabu. Ilikuwa riwaya ya kilokole. Ndani yake mama aliyefiwa na mtoto anamwendea mchungaji na kumuuliza, "Mwanangu ameondoka kwa kosa la nani?" Hapo ukurasa wa themanini na sita unaisha. Wa themanini na tisa unaanza mama ameshafuta machozi, anarudi kwake kupika.

Mchungaji alimwambia nini? Eufrasia alilitafuta jibu hilo akifua, akichota maji, akipiga magoti kanisani. Alimuuliza katekista yeye angejibu vipi, katekista akasema tusali. Alimuuliza Salome, mwenye kitabu, hadithi inaendaje. Kumbe Salome, na ulokole wake wote, hajavuka ukurasa wa thelathini.

Jirani alipoondoka, akamwandikia mumewe: "Ulichana ukurasa wa kitabu cha Salome?"

Bujiku alikuwa machimboni Geita. Aliondoka wiki tatu baada ya mazishi, bila ugomvi, bila maelezo. Kila asubuhi alituma "Umeamkaje", naye akajibu "Salama". Ndugu wa Eufrasia walishaamua kwamba huko ana mwanamke. Eufrasia aliamua jambo baya zaidi, kwamba baba wa mtoto hakuumia. Hilo ndilo lililofunga mabegi.

Simu iliita saa kumi alasiri. Nyuma ya sauti ya Bujiku mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma.

"Frasia."

"Ulichana?"

"Nilichana."

"Kwa nini?"

Akasikika anatembea, mngurumo ukapungua.

"Yule mchungaji alimjibu vibaya."

"Alimjibuje?"

"Achana nayo."

"Bujiku, keshokutwa Denis ananichukua. Alimjibuje?"

"Alimwambia mtoto amechukuliwa kwa sababu yeye mama alimpenda kuliko alivyompenda Mungu. Na yule mama akakubali. Akashukuru."

Eufrasia akangoja maneno hayo yamchome. Kilichokuja kilikuwa hasira, ndogo na ya moto, juu ya mchungaji asiyekuwepo duniani. Akashangaa kuiona.

"Nilirudia mara mbili, nikidhani sijaelewa," Bujiku akaendelea. "Nikakusikia unakohoa chumbani. Nikasema hii hataisoma."

"Ungemrudishia Salome kitabu chote."

"Ulikuwa huongei na mtu. Nilitaka uwe na kitu cha kushika."

"Halafu ukaondoka."

"Nikaondoka. Kila ukinitazama nilikuwa naona unaniuliza swali la yule mama. Sikuwa na jibu, Frasia. Mpaka leo sina. Huku nikishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, giza linanifunika, nalia, wenzangu wanadhani ni jasho."

Eufrasia akakaa chini, sakafuni, karibu na mabegi.

"Ukurasa uliupeleka wapi?"

"Niliuwashia jiko. Siku ile niliyokupikia uji."

Aliikumbuka siku hiyo. Siku ya nne baada ya mazishi, Bujiku akiwa ameshika bakuli, akimlisha kijiko baada ya kijiko. Aliumaliza wote kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu. Sasa, miezi saba baadaye, ladha ikamjia ulimini.

"Ule uji ulikuwa na chumvi," akasema.

"Nilikosea kopo," Bujiku akasema taratibu. "Niligundua nilipoonja mabaki ya sufuriani. Uliunywa wote, sikuthubutu kukuambia. Kumbe ulijua?"

"Nimejua leo."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na Bujiku hakumwambia anyamaze. Alibaki kwenye simu, naye akilia, mpaka salio likaisha.

Jioni ile Denis alipata ujumbe: "Kaka, usije Jumamosi. Shemeji yako anarudi."

Salome alilipwa kitabu kingine, ambacho nacho hajakisoma.

Na Jumamosi, Bujiku alipoingia ndani na begi lake la vumbi, alikuta bakuli la uji mezani, na pembeni makopo mawili. Moja limeandikwa SUKARI kwa herufi kubwa, jingine CHUMVI. Akasimama akiyasoma, hajui aweke wapi mikono yake.

"Kaa ule, Baba Loveness," mkewe akasema.

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu siku ya mazishi. Bujiku akakaa, akala.