Nyumba ya Sur na Sindano za Mwanarusi

Kila asubuhi Jamaldin alitoka nyumbani kwake Kibokoni, akabisha mlango wa jirani. Hakwenda kuomba chumvi wala kiberiti. Alikwenda kuchukua dawa ya mkewe, Mwanarusi. Mwanarusi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alijidunga sindano mara mbili kila siku. Dawa ile yataka kuwekwa mahali pa baridi, na wao hawakuwa na friji. Jirani yao Fadhiya alikuwa nayo. Basi chupa ya dawa ilikaa humo, baina ya maziwa na bakuli la achari.

Mwaka ule wa 1996 Jamaldin alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa winchi kule bandarini Mbaraki. Sasa hakukuwa na king'ora cha kumwita kazini. Alikaa barazani na kikombe cha kahawa. Mwili ulikuwa Mombasa, lakini roho ilikuwa Sur.

Sur ni mji wa pwani huko Omani. Ndugu yake mdogo, Zein, alihamia huko ujanani, akaoa, akawa raia. Alikuwa amemwandikia barua. "Kaka, njooni mzeekee kwangu. Nimewajengea chumba nje ya mji. Mlangoni pana mlimau. Alfajiri husikii kelele, ila ndege tu."

Jamaldin aliisoma barua ile hata mikunjo ikachanika. Akifumba macho aliuona ukuta mweupe. Alisikia maji yakipita mferejini, maji baridi, yasiyo na haraka. Watu walimpa salamu pale barazani, naye akaitikia walipokwisha kupita. Ndoto haina ushuru, na Jamaldin alijipakulia bila kipimo.

Ili asikosee, akaswali istikhara. Hiyo ni sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo na kheri. Kisha akalala, akaota. Alijiona amekaa chini ya mlimau. Mwanarusi alikuwa kando yake, anacheka. Malimau yalikuwa yakishuka taratibu mapajani mwao, bila kuchumwa na mtu. Aliamka na furaha ya siku ya Idi.

"Mwanarusi, shauri limekwisha," akasema. "Nimeoneshwa Sur. Nawe ulikuwa wacheka."

"Nacheka nini?"

"Ndoto haikusema."

Mwanarusi akatabasamu. "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, mume wangu."

"Ila gani? Ni kwa ndugu yangu!"

Mwanarusi hakushindana naye. Alimpenda, na miaka mingi hakuwa amemwona na uso ule. Siku ileile akaanza kugawa vyungu vyake. Kitanda chake cha samadari akamwahidi mpwa wake.

Kesho yake Jamaldin alikwenda kwa Fadhiya akiwa na tabasamu. Fadhiya alikuwa karani wa hospitali. Alikaa kwenye dirisha la kadi za bima, na kila siku aliwaona watu wakifika pale na matumaini, wengine wakiondoka bila chochote.

"Sabalkheri, Ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Friji yako karibu itapumzika. Twahamia Sur."

Fadhiya alikuwa ameishika ile chupa. Hakumpa. "Mashallah. Na dawa hini huko mtaipata wapi?"

"Hospitali. Kwani huko hakuna hospitali?"

"Iko umbali gani na hicho chumba?"

Jamaldin akakuna kidevu. Barua ilieleza mlimau. Haikueleza hospitali.

"Na atakayelipa ni nani?"

Hapo Jamaldin akapata nguvu. Akatoa mfukoni kadi yake ya bima ya hospitali. "Miaka thelathini na mmoja nimekatwa mshahara kwa ajili ya kadi hini!"

"Ami, tusikasirikiane," Fadhiya akasema. "Kadi hini ni ya hapa kwetu. Ukivuka bahari, ni karatasi tu. Na hata hapa yataka kufa. Ilikuwa yalipwa kwenye mshahara, na mshahara umekwisha. Usipokwenda ukajiandikisha mwenyewe, ukalipa kila mwezi, siku ya ugonjwa dirisha langu litakukataa. Nami nitaona haya."

Jamaldin akairudisha kadi mfukoni. "Lakini nimeswali istikhara! Nimeota!"

"Umefanya vyema. Lakini wazee wetu walisema, hakupata hasara aliyeswali istikhara, wala hakujuta aliyetaka shauri. Wewe umefanya la kwanza. La pili umeliwacha."

Jamaldin alichukua chupa akaenda zake bila kuaga. Siku mbili hakusema na Fadhiya neno zaidi ya salamu. Lakini kila alipofumba macho, ukuta mweupe ulikuja, na Mwanarusi ameanguka mbele yake. Jamaldin akaogopa. Siku ya tatu alikwenda ofisi ya bima, akajiandikisha mwenyewe. Jioni akaleta kalamu na karatasi kwa Fadhiya.

"Haya, mwanangu. Nitake nini kwa Zein?"

"Aulize kama nyinyi wageni mtatibiwa kama raia, au mtalipa. Aulize kama kuna bima itakayomchukua mtu wa umri wenu. Na asiifiche sukari. Bima nyingi hazilipii ugonjwa uliokuja nao mtu. Ukiuficha, siku ya shida hawatakulipa kitu."

Mwanarusi, aliyemfuata mumewe akasimama mlangoni, akaongeza lake. "Muulize pia, nikizimia mchana, ni nani atakayeendesha gari?"

Jawabu lilichukua wiki saba. Zein aliandika hivi: "Kaka, nimeona haya. Sikuwahi kuyafikiri haya, kwa kuwa mimi ni raia. Nyinyi mtakuwa wageni, na matibabu mtalipa. Nimeuliza kampuni mbili za bima. Moja haimtaki mtu aliyepita miaka sitini. Ya pili yamkubali shemeji, lakini sukari yake hawailipii. Kutoka chumbani hadi hospitali ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Gari mimi huenda nalo kazini."

Jamaldin alilia. Wala si kwa siri. Alilia barazani, mchana, mbele ya watu. Kuiacha ndoto kwauma, na asemaye hakuumi hajapata kuota.

Mwanarusi akamkalia kando. "Twaweza kwenda kumzuru," akamwambia. "Siku chache, sukari yangu ikiwa imetulia, na dawa ya kututosha. Lakini maisha yetu tuyaweke karibu na matibabu yetu."

"Na kitanda?"

"Mpwa wangu atangoja," Mwanarusi akasema.

Mwezi ule waliokusudia kuhama, Mwanarusi alikanyaga mwiba wa samaki jikoni kwake. Hakuhisi. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi, huua hisia za miguu, na mtu huumia asijue. Baada ya siku nne mguu wa kushoto ulivimba, homa ikapanda, akaanza kuweweseka. Jamaldin aliita teksi. Hawakukaa njiani hata robo saa. Kwenye dirisha, Fadhiya aliitazama kadi. Miezi yote ilikuwa imelipwa. Akagonga muhuri.

Mwanarusi alilazwa wiki mbili. Daktari alimwita Jamaldin pembeni. "Mzee, mmewahi. Mngechelewa siku moja, mguu huu ningeukata. Siku mbili, sijui ningekwambia nini. Na tangu leo, aitazame miguu yake kila siku, juu na chini."

Siku ya kutoka ilipofika, Jamaldin alivuta mfuko chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na makubadhi ya mkewe. Alikuwa ameyaleta tangu usiku wa kwanza, yote mawili, na siku zote zile hakuthubutu kumuuliza mtu kama yote mawili yatahitajika. Akapiga magoti sakafuni. Akamvisha la kulia. Kisha akamvisha la kushoto, polepole, juu ya bendeji.

Mwanarusi akasimama. Akakanyaga, akajaribu tena, akamshika mumewe mkono. Wakatoka mlangoni kwa miguu yao minne.